Pilipili za Mama Jikoni

Mama alikuja kututembelea Mbeya mjini Juni 2019, baridi ikiwa imeshika kwelikweli, akakuta miche yangu ya pilipili mbuzi uani imesimama kwenye ndoo za mawe. Udongo hakuna hata chembe. Ni yale mawe mepesi ya volkano, yanayoelea ukiyatupa majini. Mama ni mtu wa Tukuyu, na kule ukichomeka fimbo inaota. Akazizunguka ndoo, kisha akauliza, "Mwanangu, hizi zinakula nini?"

Nikamfunulia kreti la minyoo: wale wekundu wadogo wanaopenda samadi na vitu vinavyooza. Tunawalisha maganda ya ndizi na majani ya kabichi, nao wanatoa mboji. Mboji naifunga kwenye kitambaa, naitumbukiza kwenye pipa la maji, na pampu ndogo ya tangi la samaki inapuliza hewa usiku kucha. Hewa ikikosekana maji yananuka na mizizi inaoza.

"Kwa hiyo zinakunywa mavi ya minyoo."

Sikuwa na cha kubisha.

Ila wiki hiyo zilikuwa na njaa. Majani ya chini yalikuwa yanageuka njano, dalili ya kukosa naitrojeni, na maji ya pipa ni meusi vilevile kama siku zote. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ilikuwa kwenye 6, kwa hiyo kosa halikuwa hapo. Kijana wa jirani, aliyekuwa likizo kutoka SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, ndiye aliyetufumbua macho. Sehemu ya naitrojeni ya mboji bado imefungwa kwenye mabaki, nyingine iko kama amonia. Bakteria wanaokaa kwenye mawe ndio wanaoigeuza kuwa naitreti, ambayo mizizi inainywa kwa urahisi. Usiku wa Mbeya ukishuka chini ya nyuzi 10, bakteria hao wanazubaa. Mizizi nayo ikipoa hainywi sawasawa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Si mseme tu chakula hakijaiva," akasema, akabeba ndoo ya kwanza mwenyewe kuelekea jiko la kuni.

Tangu hapo kila jioni ndoo zililala karibu na mafiga, pipa likiwa kwenye kona yenye joto; asubuhi jua likichomoza zinatolewa. Alizisimamia kuliko mimi. Majani ya njano hayakurudi kuwa kijani, yalidondoka, lakini machipukizi mapya yalitoka yamekolea.

Alirudi tena wakati wa mavuno. Akachuma moja iliyoiva, akaikata kwenye mchuzi wa samaki aina ya mbasa, akala ugali huku jasho likimtoka. Akasema inawasha, lakini ya Tukuyu ina harufu zaidi. Siku ya kuondoka aliomba mfuko wa mboji akaweke kwenye migomba yake. Minyoo yenyewe aliikataa, eti basi la Tukuyu lina watu wengi.