Siku Bibi Alipotembea Greenham

Salma ameikuta picha ile katika simu yangu ya zamani, akaja nayo jikoni na swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu: "Mama, hapa Bibi anacheka au analia?" Katika picha hiyo Bibi ameinamia kichaka cha maua ya manjano, amevaa koti la baba yao juu ya baibui, mkono mmoja ameuegemeza begani kwa Idi, kaka yake Salma, na uso ameukunja kwa namna ambayo kila mtu anaweza kuisoma apendavyo. Nilimwambia kwamba jua lilikuwa likimpiga machoni. Hakuridhika, nami pia sikuridhika.

Ilikuwa Jumatatu ya sikukuu, mwanzoni mwa Mei 2019. Bibi alikuwa nasi Reading tangu mwezi Machi, na hadi siku hiyo Uingereza ilikuwa haijampa jambo la kusimulia Tanga. London alikuwa amelalamikia ngazi za stesheni, na maduka makubwa yalimchosha kabla hajanunua kitu. Baba yao alipotangaza asubuhi kwamba tunakwenda Greenham Common, Bibi aliuliza tunakwenda kwa nani. Nilimjibu kwamba hatuendi kwa mtu, tunakwenda kutembea kwa miguu katika nyika, kisha tunarudi nyumbani. Alinitazama kwa huruma, akafunga mtandio, akaingia garini.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa ajili ya magoti yake. Greenham ni uwanda wa changarawe ulioinuka kati ya mito miwili, Kennet na Enborne, karibu na mji wa Newbury. Njia zake ni pana na tambarare, hazina matope mengi, na kigari cha mtoto kinapita bila kubebwa, jambo muhimu kwa sababu Salma wa siku zile alikuwa akitembea hatua chache tu kabla ya kukumbuka kwamba amechoka. Kiingilio hakuna. Hapo zamani palikuwa na kambi ya ndege za kijeshi ya Wamarekani, yenye njia ya kurukia ya takriban kilomita tatu, lakini zege lake limevunjwavunjwa, sehemu yake ikatumika kujengea barabara inayozunguka Newbury, na tangu mwaka 2000 ardhi imerudishwa kwa watu, ng'ombe na ndege wa kweli.

Ng'ombe ndio waliotupokea. Walikuwa wamesimama barabarani, wakitafuna kwa utulivu huku magari yakisubiri pande zote mbili, na Bibi akaamka kabisa kutoka katika usingizi wa safari. Alitaka kujua mwenye ng'ombe yuko wapi. Baba yao alimweleza kwamba wapo wenyeji walio na haki ya kulisha mifugo hapo tangu enzi na enzi, na kwamba mifugo haiji kula tu: nyika ya aina hii ilizaliwa pale watu wa kale walipofyeka misitu juu ya udongo maskini wenye tindikali, ikadumu kwa kulishwa, kukatwa kuni na kuchomwa moto, kwa hiyo ikiachwa yenyewe, miche ya misonobari na miti mingine huinuka, na baada ya miaka si mingi panakuwa msitu. Mimi niliwahi kusomewa maelezo hayo mara kadhaa bila kuyashika. Bibi, aliyefuga maisha yake yote, aliyafupisha papo hapo: "Kwa hiyo wamewaajiri."

Tuliegesha gari karibu na mnara uliokuwa ukiongozea ndege, ambao siku hizi una mkahawa, tukaanza kutembea kuelekea magharibi. Kibao kilitutaka tusitoke njiani, na wenye mbwa wawafunge kamba kuanzia Machi hadi Julai, kwa kuwa wako ndege wanaotaga mayai chini, juu ya changarawe tupu au chini ya vichaka, akiwamo kirukanjia, ambaye hukaa kipindi cha baridi Afrika kisha akarudi huku kuzaa. Kipozamataza mmoja alikuwa juu akiimba bila kupumua. Idi alikuwa akitafuta nyoka, kwa sababu nilifanya ujinga wa kumwambia kwamba nyoka pekee wa asili mwenye sumu katika Uingereza, ndugu mdogo wa kifutu wa kwetu, huota jua katika nyika hizi. Bibi alimwita: "Mume wangu, njoo unishike, nyoka hatafutwi." Idi, ambaye wakati huo bado aliichukulia ndoa hiyo kwa uzito, akaja akampa bega.

Hapo ndipo Bibi aliposimama.

Nilidhani ni magoti. Nikaanza kuangalia kama kuna benchi karibu. Yeye aliinua mkono kuninyamazisha, ingawa sikuwa nimesema kitu, akageuza uso polepole kuufuata upepo, kama mtu anayesikiliza. Jua lilikuwa limetoka mawinguni dakika hiyo hiyo na joto lilikuwa likipanda kutoka kwenye changarawe. "Nani anapika?" aliuliza. Hapakuwa na anayepika. Mnara na mkahawa wake tulikuwa tumeviacha mbali nyuma yetu. "Kuna tui hapa," akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Kando ya njia kulikuwa na ukuta mzima wa vichaka virefu kuliko yeye, vya miiba mitupu mahali pa majani, vilivyofunikwa maua ya manjano kiasi kwamba huoni kijani. Waingereza hukiita kichaka hicho gorse. Miaka yote niliyopita pembeni yake sikuwahi kukisogelea, kwa ajili ya miiba. Bibi alikisogelea. Aliingiza vidole viwili kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kuchuma ndimu, akachomoa ua moja, akalilaza kiganjani, akaligeuza juu chini. Alilifungua kwa ukucha, petali baada ya petali, jinsi anavyofungua kila kitu anachotaka kukijua. "Hili ni ua la mbaazi," alisema. Na ni kweli kwamba ni ukoo mmoja, kunde na mbaazi na kichaka kile, ingawa yeye hakuhitaji kitabu kumwambia. Kisha akaliweka puani, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho. Nikainama nami nikanusa kichaka. Ilikuwa nazi; si ile ya sabuni wala ya biskuti, bali nazi iliyokunwa asubuhi, kabla haijakamuliwa.

Bibi akainama tena, uso karibu na miiba kuliko nilivyopenda. Mabega yakaanza kumtikisika. Hapo ndipo baba yao alipopiga picha. Alipoinuka, macho yake yalikuwa na maji, na alikuwa akisema kitu ambacho upepo ulikichukua nusu, nilichokipata ni hiki: "Kumbe kwenu huku mbaazi huota na tui lake." Kisha akamlisha Idi harufu hiyo, akamlisha Salma ndani ya kigari chake, akamfuata baba yao na ua mkononi. Baba yao alinusa kwa heshima, akanusa tena, akasema hasikii kitu. Bibi alimwambia pole, kwa sauti ya kumwambia mgonjwa.

Yaliyobaki yalipita haraka. Tulifika hadi mahali ambapo vilima sita vya majani vinaonekana nyuma ya uzio. Ndani yake, kuanzia mwaka 1983, Wamarekani walihifadhi makombora 96 ya nyuklia. Nilimsimulia Bibi juu ya wanawake waliotembea kwa miguu kutoka Cardiff, kule Wales, mwaka 1981 kuyapinga, wakapiga kambi nje ya uzio, na kwamba kambi yao ilidumu hadi mwaka 2000. Aliuliza kwanza waume zao walikula nini miaka yote hiyo. Baadaye, tulipokuwa tumegeuka kurudi, akauliza kama walishinda. Nilimjibu kwamba Marekani na Umoja wa Kisovyeti walitia saini mkataba mwaka 1987, na makombora ya mwisho yakaondoka mwaka 1991. "Sikukuuliza hayo," alisema, lakini hakurudia swali. Salma alilala. Tulikunywa chai mnarani, Bibi akaituma chai yake irudi ichemshwe.

Kwa miaka hii yote nimeihesabu siku ile miongoni mwa siku njema za ugeni wake, na huenda ilikuwa njema. Lakini baada ya Greenham alianza kuuliza tarehe ya tiketi yake, jambo ambalo hakuwa akiliuliza kabla, na sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili hadi mtoto aliponiletea simu jikoni. Pengine hayaungani. Magoti yake sasa hayamruhusu kusafiri tena, kwa hiyo sina nafasi ya kumrudisha pale nimtazame vizuri zaidi.

Nilimpigia simu nikamuuliza moja kwa moja kama alikuwa akicheka au akilia. "Wewe si ulikuwepo?" akanijibu. "Uliona nini?" Nilipokosa jibu akahamia kwenye mambo yanayomhusu zaidi. Habari za Greenham amekuwa akizisimulia kwa majirani tangu aliporudi, na bado wanagombana. Makombora wameyakubali. Ng'ombe wasio na mchungaji wanaofunga barabara wamewakubali. Hata wanawake waliolala nje karibu miaka ishirini, baada ya mjadala mrefu, wamekubaliwa. Lakini habari za kichaka cha miiba chenye harufu ya nazi, Uingereza, wamemwambia waziwazi aache kuwafanya watoto. Anataka nizungumze nao kwa simu siku ya Ijumaa niwe shahidi. Baba yao, aliyekuwa akisikiliza kutoka sebuleni, amesema kwamba akiombwa ushahidi yeye atakuwa upande wa majirani.