Siku ya Hofu Yangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nilikuwa nimeandaa tafakari juu ya shukrani. Nimeiweka kando, itakuja siku yake. Juma hili siwezi kuandika juu ya jambo jingine ila hili linalonikaba. Nimekatwa kipande kidogo cha nyama kwenye titi la kushoto, kimepelekwa Mwanza kupimwa, na majibu bado. Naogopa. Naamka kabla ya adhana ya alfajiri, na kabla sijakumbuka hata siku gani leo, mkono umeshakwenda wenyewe pale penye uvimbe.

Katikati ya hayo binti yangu, ambaye anasomea udaktari, akanitumia picha ya zamani kwenye simu. Ni ya mzee wa Kizungu, mwembamba, hana meno, kifua wazi. Macho yamemtoka, nyusi zimepanda juu, paji la uso limejaa mikunjo, mdomo uko wazi na mishipa ya shingo imesimama kama kamba. Akaniandikia, "Mama, hebu mtazame huyu babu. Unadhani anaona nini?" Nikamjibu, anaona mauti. Akasema, "Haoni kitu, mama. Wamemwekea umeme."

Nikampigia anieleze. Kumbe alikuwako daktari Mfaransa, Duchenne, aliyetaka kujua kila msuli wa uso unafanya kazi gani. Alimpata mzee huyu, ambaye uso wake ulikuwa na ganzi kiasi kwamba umeme haukumuumiza sana, akawa anamgusa kwa vyuma vyenye umeme mahali mbalimbali huku akipigwa picha. Akigusa hapa, mzee anacheka. Akigusa pale, anahuzunika. Akigusa ule msuli mpana wa shingoni, ambao mwenyewe aliuita msuli wa hofu, pamoja na ule wa paji la uso, basi ndiyo hiyo picha niliyoiona. Kitabu chake kilitoka mwaka 1862. Miaka 10 baadaye, mwaka 1872, mwanasayansi Mwingereza, Darwin, akaitumia picha ileile katika kitabu chake juu ya hisia. Aliwaonyesha watu 24, mmoja mmoja, bila kuwaeleza lolote, na 20 kati yao walisema papo hapo kwamba hii ni hofu kubwa. Ilipochorwa upya kwa ajili ya kitabu, vile vyuma vikaondolewa, ukabaki uso peke yake.

Nimekuwa nikiifungua picha hiyo mara kwa mara juma hili. Huyo babu hakuogopa kitu. Uso wake wote unapiga kelele, na moyo wake pengine ulikuwa unawaza chakula cha mchana. Na mimi niko hapa Tabora, nimevaa kitenge changu cha ushirika, nasimama mlangoni Jumapili nawapa watu mikono, wananiuliza habari, nami nasema nimebarikiwa. "Wanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo." Andiko hilo tumezoea kulisoma tunapomzungumzia Daudi na kaka zake. Safari hii limesomwa juu yangu.

Binti yangu akaniambia jambo lingine lililonifanya nitoe albamu ya marehemu bibi. Picha za mwanzo kabisa, zile za miaka ya 1839 na 1840, zilimtaka mtu akae bila kutikisika muda mrefu, wakati mwingine dakika kadhaa, la sivyo sura inatoka kama moshi. Kwa hiyo wapiga picha walikuwa na chuma cha kusimamisha nyuma ya mtu, kina mikono ya kumshikilia kisogo. Kwenye picha hukioni. Unachoona ni mtu mkavu, mkali, hana wasiwasi wa dunia hii. Kwa watoto wachanga mama alifunikwa shuka au pazia, akageuka kuwa kama kiti, akampakata mtoto asilie. Zipo nyingi za namna hiyo, na ukitazama vizuri unaona umbo la mtu chini ya kitambaa.

Bibi alipigwa picha hapa mjini akiwa msichana, kabla ya Uhuru. Ni picha ya studio, nyeusi na nyeupe, kingo zimekatwa kwa mapindo-mapindo kama zilivyokuwa zamani. Nyuma kuna pazia lenye maua, pembeni meza ndefu yenye chombo cha maua. Viatu si vyake, vilikuwa vya studio, kila aliyeingia alivivaa. Uso wake umetulia kabisa. Ukoo mzima tulikuwa tukisema, tazameni bibi alivyokuwa na msimamo. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akitusimulia kwamba siku ile alitetemeka hadi meno yakagongana, kwa sababu yule fundi aliingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, akanyamaza, na jicho moja la kioo likabaki linamwangalia. Hakuwa ameona kitu kama hicho. Basi nimeitazama mikono yake. Mkono wa kulia umefumbwa, na kidole gumba kimefichwa ndani ya ngumi. Wa kushoto umekamata upindo wa gauni, kitambaa kimekusanyika kati ya vidole. Uso ulitii, hofu ikahamia mikononi.

Nawaomba akina mama mtakaokutana Alhamisi mtazamane mikono.

Mkitaka mfano wa karibu zaidi na sisi, mfikirieni Jacob Wainwright. Iko picha yake ya mwaka 1874 akiwa na jeneza la Livingstone. Kijana Myao aliyekamatwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa na wamisionari kule Nasik, India. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, Jacob ndiye aliyesoma ibada wapagazi walipouzika moyo wa Livingstone. Mwili wakaubeba kuelekea pwani. Walipofika hapa kwetu Unyanyembe, Oktoba mwaka huo, wakamkuta Mwingereza Cameron, akawashauri wauzike hapahapa kwa sababu ya hatari za njia. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji wakagoma maiti isipite katika nchi yao. Wale wapagazi wakatengeneza mzigo wa uongo wenye umbo la maiti, wakaurudisha nyuma kana kwamba wanakwenda kuuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo. Hebu waza mioyo ilivyokuwa ikidunda kila walipopita kijiji. Lakini wakati huo hakukuwa na mpiga picha njiani. Picha ilikuja mwishoni, jeneza likiwa limekamilika, kijana amevaa vizuri. Jacob alirudi Afrika, akafia Urambo mwaka 1892. Yuko katika udongo wa mkoa wetu.

Hapa sasa nataka kusema na kanisa, na mniwie radhi nikisema kwa ukali kidogo, maana naipenda nyumba hii.

Shuhuda zetu zote ni za waliokwisha vuka. Jumapili kwa Jumapili mtu anasimama, anasema niliugua nikapona, nilidaiwa nikalipa, mwanangu alifeli sasa amefaulu, nasi tunapiga vigelegele. Hizo ni shuhuda njema, Bwana apewe sifa. Lakini ni lini mara ya mwisho mtu alisimama akasema, "Wapendwa, niko katikati, sijavuka, na usiku silali"? Tungemfanyaje? Nadhani tungemkemea pepo. Au angekaa tu chini katika ukimya wa aibu, halafu kiongozi wa kwaya angeanzisha pambio haraka ili tusahau.

Tumelichukua neno la Timotheo, kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, tukalifanya fimbo. Mtu akikwambia anaogopa, hata hajamaliza sentensi, umeshamchapa nalo. Tumelichukua na lile la Yohana, kwamba pendo lililo kamili huitupa nje hofu, tukalisoma kana kwamba mwenye hofu ndiye anayepaswa kutupwa nje. Mkulima wa tumbaku ambaye deni la pembejeo limemzidi anakuja ibadani amepiga pasi shati, anatoa sadaka mbele za watu, anarudi nyumbani kukaa gizani. Dada ambaye amegundua uvimbe anakaa nao mwaka mzima, anasali peke yake, kwa sababu akisema ataulizwa imani yake iko wapi. Mimi nimekwenda mapema kupima kwa sababu binti yangu alinisukuma. Wako wanaokaa humu kwenye mabenchi ambao hawana wa kuwasukuma, na sisi tumewafundisha kutabasamu. Hilo, ndugu zangu, tutaulizwa.

Msomeni Nehemia sura ya pili. Yeye alikuwa mnyweshaji wa mfalme, na anasema wazi kwamba hajawahi kuwa na huzuni mbele za mfalme. Ilikuwa kazi yenye uso wake. Siku hiyo uso ukamshinda. Mfalme akauona: "Mbona uso wako una huzuni, nawe huwi mgonjwa?" Na Nehemia, mtu wa Mungu, mjenzi wa ukuta, anaandika kwa mkono wake mwenyewe, "Ndipo nikaogopa sana." Hakulifuta neno hilo. Angeweza kuandika kwamba alijaa ujasiri, nani angebisha? Na tazameni kinachofuata. Akiwa na hofu hiyohiyo akafungua kinywa, "Kwa nini uso wangu usiwe na huzuni, iwapo mji, ulio mahali pa makaburi ya baba zangu, unakaa ukiwa?" Akamwomba Mungu wa mbinguni palepale, amesimama, akiwa bado anaogopa, kisha akaomba barua na miti ya kujengea. Yerusalemu ilijengwa kuanzia siku ambayo mtu mmoja alishindwa kuufunga uso wake.

Na Bwana wetu mwenyewe. Marko anasema akawatwaa Petro na Yakobo na Yohana, "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika." Alikuwa na malaika, alikuwa na Baba, lakini aliwataka na hao watatu wamwone akiwa katika hali ile. Akawaambia kwa kinywa chake, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe." Mwana wa Mungu anaomba watu wakae naye! Waebrania wanasema aliomba kwa kulia sana na machozi, na akasikilizwa. Wewe na mimi tumekuwa na nguvu kuliko yeye lini?

Hata hilo "usiogope" tunalolirushiana, angalieni Mungu anavyolisema. Kwa Isaya anasema, "Usiogope, kwa maana mimi ni pamoja nawe." Analisema akiwa amekuja. Wachungaji wa Bethlehemu waliingiwa na hofu kuu kwanza, malaika akiwa amesimama karibu nao, ndipo akanena. Ukitaka kumwambia mtu usiogope, njoo kwanza. Kaa. Leta mguu wako nyumbani kwake.

Nimekuwa na jirani aliyefanya hivyo juma hili. Alisikia, akaja na ungo na karanga ambazo hazijamenywa, akaketi barazani akaanza kumenya. Nikaketi naye. Hakunipa andiko hata moja. Tulipofika katikati ya ungo nikamwambia kila kitu, hadi ule mkono wa alfajiri, na yeye akasema, "Nakusikia, dada." Tukaendelea kumenya. Usiku ule nililala. Sisemi hofu imeondoka. Asubuhi ilikuwapo. Lakini nilipofungua Zaburi ya 56 nikaona jinsi Daudi alivyolisema: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Siku ya hofu iko, na ni yake, anaiita yangu. Kutumaini kumo ndani ya siku hiyohiyo. Nikaisoma kwa sauti, peke yangu jikoni, na niliamini kila neno.

Basi, wapendwa, naomba mambo mawili. La kwanza, mniombee kwa jina la Yesu, na mkikutana nami msiniulize kama nimeshinda. La pili ni hili. Nimeshaongea na mchungaji na amekubali: Jumapili, kwenye kipindi cha ushuhuda, nitasimama mimi kabla majibu hayajafika, niseme nilivyo. Kama kuna mwingine aliye katikati ya jambo lake, iwe deni, iwe ndoa, iwe mtoto aliyepotelea Dar, iwe ugonjwa, asimame baada yangu. Asiyeweza kusimama mbele za watu, nyumbani kwangu kuna baraza, na Jumamosi kutwa nzima nipo. Akina baba nanyi karibuni. Karanga bado ziko nyingi.