Bandari za Mlimani

Ami amekuja leo baada ya Alasiri, daftari kwapani. Nilipoliona tu nikajua ni habari ya Lushoto, ule mji wa milima ya Usambara kule Tanzania. Shikamoo yangu hakuingoja imalizike.

"Marahaba, mwanangu. Keti. Mwaka huu safari naipanga mimi."

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: Ami ni ndugu yake marehemu babangu, nahodha mstaafu. Tunakaa Shela, hii ya Malindi, si ile ya Lamu. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo nikisafiri ni Agosti au Desemba. Agosti ya mwaka jana nilimchukua yeye, mdogo wangu na mkewe, tukapita Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga, tukazunguka Segera na Korogwe, kisha tukapanda ile barabara ya nyoka kutoka Mombo. Nilikuwa nimeona picha moja tu: mtu amesimama kwenye jabali, mawingu yako chini yake. Nikasema hapo ndipo. Sikuuliza lile jabali liko wapi wala linafikiwaje, wala mpiga picha alitoka nyumbani saa ngapi.

Habari ya siku ile niliwahi kuiandika kwa mzaha. Leo niieleze bila mzaha.

Tuliamua kwenda juu ya msitu wa Magamba kwa miguu kutoka mjini Lushoto. Tuliambiwa kwenda na kurudi ni kilomita kama 14. Mimi nikapiga hesabu ya pwani: huku maji yakitoka natembea mchangani kuelekea Mayungu mpaka nachoka na kutazama ngalawa, na kilomita 14 hazinitishi. Tukanywa chai taratibu. Mdogo wangu akasahau chaja, akarudi. Tulianza kutembea saa sita kasorobo mchana.

Lushoto yenyewe iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Magamba inapita mita 2,200. Yaani tofauti ni kama mita 800, na hizo hazikuwemo kwenye hesabu yangu hata kidogo. Sisi watu wa Malindi mlima wetu ni ngazi za msikiti.

Kupanda tulipanda. Ami mbele, makubadhi miguuni, bakora mkononi, anawauliza vijana wa Kisambaa habari za mboga na bei zake. Shida ilikuja kwenye kushuka. Nilidhani kushuka ni mapumziko, kumbe kila hatua uzito wote wa mwili unashukia goti. Ukungu ukaingia msituni, njia ikawa utelezi. Saa kumi na moja Ami aliacha kuzungumza. Saa kumi na mbili alikuwa anashuka kinyumenyume kama mtu anayeteremka ngazi ya jahazi. Tulifika barabarani giza limeshaingia, taa yetu ni simu moja yenye chaji asilimia tisa. Aliyetuongoza alituomba radhi, lakini kosa halikuwa lake peke yake. Nilimlipa nikamwambia twende, naye akaenda.

Ami hakulalamika. Aliomba maji ya moto yenye chumvi, akaweka miguu, akasema, "Baharini nisingetoka saa ile." Basi. Neno hilo nimekaa nalo mwaka mzima.

Nilipojituliza nilisoma kidogo. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa safari yetu inatoka masaa manne na dakika chache. Na hiyo ni ya mtu mwenye afya, asiyesimama kula, asiyepiga picha, asiye na ami mwenye miaka sabini. Mimi sasa naongeza nusu yake tena. Ningeijua ile siku, ningeona kwenye karatasi, kabla hata ya kuvaa viatu, kwamba tunarudi giza likikaribia.

Leo nikamsomea Ami kanuni hiyo nikidhani atashangaa. Hakushangaa. Akafungua daftari lake. Alikuwa ameandika maswali, kwa zile herufi zake kubwa za Kiarabu, lugha Kiswahili.

La kwanza: pepo gani? Nikamwambia Agosti ni kusi. Akacheka. Kusi ile ile inayowafunga wavuvi wetu nanga ndiyo inayopeleka unyevu kule, ikigonga Usambara inapanda, inapoa, inakuwa ukungu. Kwa hiyo asubuhi unaweza usione kitu. Masika, Machi hadi Mei, hata tusiseme, udongo mwekundu wa kule unakuwa sabuni. Januari na Februari ndiyo ingekuwa kavu na kuna joto kidogo, lakini Januari mimi niko darasani. Basi ni Agosti na sweta. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 hewa inapungua joto kama nyuzi sita na nusu, kwa hiyo mjini Lushoto tu umeshapoteza kama nyuzi tisa za Malindi. Mwaka jana Ami alijifunika vikoi viwili.

Swali la pili ndilo lililonikalisha kimya: "Bandari za kukimbilia ziko wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba nahodha hachagui njia kwa kutazama anakokwenda peke yake. Anatazama ubavuni: hapa pakichafuka naingia Mto Kilifi, pale naingia Mtwapa. Njia ndefu yenye mahali pa kuingilia ni salama kuliko fupi isiyo na pa kuingilia. "Kule Magamba, nilipoumwa goti, pa kuingia palikuwa wapi?"

Hapakuwa na mahali. Ukiwa ndani ya msitu ule ni mbele au nyuma.

Tukachukua ramani tukaanza upya, na mambo yakageuka kabisa. Matembezi niliyoyadharau mwaka jana ndiyo yakawa ya kwanza. Irente, kwa mfano. Ni kama kilomita 5 au 6 kutoka mjini, njia inapita mashambani na nyumbani kwa watu, bodaboda ziko, na mwishoni unasimama kwenye ukingo wa mwamba, Mazinde iko chini kabisa na uwanda umetandazwa kama mkeka. Njiani kuna shamba wanakouza jibini na mkate. Mwaka jana niliiita njia ya watalii wavivu. Mungu anisamehe.

Siku ya pili Soni, kutazama maporomoko, ambayo yako karibu na barabara. Hiyo si matembezi sana, ni kupumzisha magoti. Mdogo wangu atanung'unika, anune.

Mtae, kijiji kilicho ukingoni mwa milima, tulibishana. Vijana wanaokwenda "haiki" huifuata kwa siku kadhaa, wakipitia Rangwi, na nilikuwa na tamaa hiyo. Ami akasema tupande basi mpaka kule, tulale, asubuhi tutembee ukingoni tukitazama mbuga ya Mkomazi, turudi kwa basi. Nikasema huko si kutembea. Akasema, "Na kupanda basi hapa kwenda Mombasa si kusafiri?" Nimekubali, lakini shingo upande.

Magamba bado imo. Hilo alilitaka mwenyewe, sikumshawishi. Ila tutapanda gari mpaka kijijini juu, tulipie kiingilio cha hifadhi, tumchukue mwongozaji na kumwambia mapema kwamba tuna mzee, tuanze saa mbili asubuhi. Saa sita kamili, popote tulipo, tunageuka. Hata kama kilele kiko pale, mtu anakinyooshea kidole.

Mazoezi tumeshaanza. Jumamosi iliyopita tulikwenda Marafa, kwenye Nyari, lile korongo la udongo mweupe, wa waridi na mwekundu. Wazee wa Kigiriama husimulia kwamba pale palikuwa na tajiri na watu wake waliokuwa wakioga maziwa, ardhi ikawameza. Ami kasimulia kisa chote huku tukishuka, nadhani ili nisimtazame goti. Tulifika mapema, maana mchana mle ndani ni tanuri. Tulishuka na kupanda mara nne, yeye akihesabu kwa tasbihi. Nimemnunulia raba za mtumba zenye meno mazuri. Alizikataa wiki nzima kwa sababu ni za kijani. Nilimkumbusha pia kukata kucha, kwa kuwa kwenye mteremko vidole hugonga mbele ya kiatu. Mwaka jana mimi nilipoteza ukucha mmoja, jambo ambalo sikumwambia mtu.

Kabla ya Magharibi alifunga daftari, akaondoka. Baada ya Isha akapiga simu.

"Ile saa sita uliyoandika, ni ya kufika au ya kugeuka?"

"Ya kugeuka, Ami."

"Iandike kubwa. Tena mpe mdogo wako karatasi yake. Wewe nakujua, ukiona kilele utasema bado dakika kumi."

Nimeiandika. Nimeiweka nyuma ya pasipoti yangu, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo nimegundua usiku huu kwamba ya Ami haionekani.