Mpwa alikuja na cheti cha hasi, nikampandisha sabuleni

Wiki ya kuelekea Idi ya kuchinja, Julai 2021, mpwa wangu alitoka Mombasa kuja kwetu Lamu akiwa na cheti cha PCR, kipimo cha maabara cha kutafuta virusi vya korona, kilichoandikwa hasi, yaani havikuonekana. Nyumbani yumo mama yangu, umri miaka 78, ana sukari. Jamaa, majirani, hata mtu mmoja wa afya ambaye alipaswa kujua zaidi, neno lao lilikuwa moja: kijana amepima, hana, mwacheni aingie. Kazi yangu ni maabara, nikakataa. Ushauri ule bado nausikia kila yanapotajwa maradhi ya kuambukiza, na unaniudhi leo kama ulivyoniudhi siku ile.

Sikumuuliza mpwa amepata jibu gani. Nilimuuliza tarehe. Mwenzake wa chumba alikuwa ameugua korona. Mara ya mwisho mlilala pamoja lini? Alhamisi tarehe 8, mjomba. Na wewe ulitolewa sampuli lini? Jumatatu tarehe 12. Siku ya nne, basi. Kwa tarehe hizo mbili, cheti kile kilikuwa hakina uzito wa kumfungulia mtu mlango wa mama.

Virusi vikishaingia mwilini huhitaji muda wa kuzaana kabla kijiti cha kupimia hakijaweza kuvikuta puani. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walikusanya tafiti saba, sampuli 1,330 za njia ya hewa, wakapanga PCR ilivyowakosa wagonjwa siku baada ya siku tangu kuambukizwa. Siku ya kwanza iliwakosa wote. Siku ya nne iliwakosa 67 katika kila 100. Siku ya tano, ambapo dalili kwa kawaida huanza, 38. Siku ya nane ndiyo nzuri kuliko zote, na hata hiyo iliwakosa 20. Kisha makosa hupanda tena, hadi 66 siku ya 21.

Dada yangu, mamake kijana, hakutaka kusikia, basi nilimwandikia hesabu nyuma ya bahasha. Tuseme vijana 100 wamelala na mgonjwa, na 30 kati yao wameambukizwa. Wapime wote siku ya nne. Katika wale 30, 20 watapewa hasi. Wazima 70 nao watapewa hasi. Vyeti vya hasi ni 90, na 20 kati yake vimeshikwa na wagonjwa. Kabla ya kupima, hatari ilikuwa 30 kwa 100. Baada ya cheti imekuwa 22 kwa 100. Ndiyo kazi yote iliyofanywa na karatasi ile. Wapime siku ya nane, waliofichika ni 6 kati ya 76, yaani karibu 8 kwa 100. Hapo kipimo kimesaidia kweli, lakini bado si ruhusa ya kukaa chumba kimoja na mzee mwenye sukari.

Dada alinyamaza, akasema: "Basi akae wapi?"

Nyumba yetu ni ya mawe ya zamani, kuta nene, na chumba cha ndani hakina dirisha hata moja. Mtu akikohoa mle, hewa yake inabaki. Lakini tuna sabule, chumba cha wageni cha juu, chenye ngazi yake, choo chake na madirisha mawili ya barabarani. Wazee walijenga hivyo ili mgeni asipite katikati ya watu wa nyumbani. Chakula niliweka kwenye sinia kidato cha tatu cha ngazi, nikashuka, ndipo naye akatoka kuchukua. Akitaka kusema na bibi yake, alisimama juu na mama akakaa chini kiwandani, yaani uani, mbingu wazi, zaidi ya mita mbili baina yao. Kosa moja tu lilitokea: siku ya kufika, Jumatano tarehe 14, alimbusu mama mkono mlangoni kabla sijafika. Tarehe hiyo niliiandika.

Alhamisi akasema kichwa kinamuuma, na udi uliofukizwa chini hausikii. Kupoteza harufu namna ile, kwa mtu aliyelala na mgonjwa, kulitosha kwangu kumhesabu mgonjwa hata kabla ya kupima.

Ijumaa ndipo pakaharibika. Dada alimwita mhudumu wa kliniki moja aje na kipimo cha haraka cha antijeni, kile kinachotafuta protini za virusi papo hapo, kwa bei nzuri tu, shilingi elfu na kitu. Nilisimama dakani, baraza ya mlangoni, nikimwangalia. Alitia kijiti kwenye tundu la pua, kichwa cha pamba hakijazama vizuri, akazungusha mara mbili upesi upesi, akatoa. Kijana hakupepesa jicho. Kijiti kilitoka kikavu. Akakitia kwenye dawa, akadondosha matone, na baada ya dakika 15 mstari wa C ukatokea mwekundu, wa T, ambao hutokea virusi vikikutwa, haupo. "Hasi," akasema, na nyumba nzima ikapumua.

Mstari wa C huonyesha kwamba maji yamepita na kipimo chenyewe kinafanya kazi. Hauonyeshi kama kijiti kiligusa makamasi. Ukitia kijiti kisichoguswa na mtu, C itatokea vilevile. Baadhi ya vipimo vya PCR hutafuta pia jeni ya binadamu, kama RNase P, na isipoonekana maabara hujua sampuli haikuchukuliwa sawasawa. Kile cha haraka hakina mlinzi huyo. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani liliridhika na vipimo vya haraka vinavyowakamata angalau 80 katika wagonjwa 100 ukilinganisha na PCR, nayo ni pale sampuli imechukuliwa vizuri, katika siku za mwanzo za dalili.

Jumamosi nilichukua sampuli mwenyewe. Nilimwambia apenge kamasi kwanza. Kichwa kiinuliwe nyuma kidogo. Kijiti ni kile chembamba cha plastiki chenye manyoya ya nyuzi za kutengenezwa. Cha mti chenye pamba huweza kuzuia PCR isifanye kazi. Wengi hukielekeza juu kufuata mgongo wa pua, na hapo hugonga mfupa na kurudi. Kipitishe bapa, sambamba na kaakaa, kama unaelekea sikioni, mpaka kikwame; urefu wake ni kama kutoka tundu la pua hadi sikio. Kiache hapo sekunde kadhaa kinywe, kisha kitoe taratibu ukikizungusha. Mpwa alitokwa na machozi, na kijiti kilitoka kimelowa. Ukiona macho makavu na kijiti kikavu, rudia.

Kijiti nilikivunjia ndani ya chupa ya VTM, maji ya kuhifadhia virusi, nikaifunga na kuandika jina, tarehe na saa ya kuchukuliwa. Kikapu chenye barafu, mashua hadi Mokowe, kisha gari hadi maabara ya bara. Sampuli hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi kwa saa 72. Ikipita hapo inataka friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Barafu ya Lamu mchana wa jua haimalizi safari, kwa hiyo nilimpa dereva vipande vingine vilivyofungwa kwa gazeti, abadilishe Garsen.

Jibu lilikuja Jumatatu: chanya.

Hakuna kilichobadilika ndani ya nyumba, kwa kuwa tulikuwa tunaishi naye kama mgonjwa tangu siku ya kwanza. Dalili zake zilianza tarehe 15. Siku 10, kisha 3 zaidi bila dalili, akafika tarehe 28. Sikumpima tena, maana PCR huweza kubaki chanya wiki kadhaa kwa mabaki ya virusi ambavyo haviambukizi tena.

Mama nilimhesabia tangu ule mkono uliobusiwa. Nilimpima Jumatatu, siku ya tano: hasi. Alhamisi, siku ya nane, kwa kijiti kilichomtoa machozi: hasi. Aliniuliza kama sasa anaweza kwenda kukaa na wenzake. Nikamwambia, mama, bado siku sita zitimie 14. Alizimaliza kiwandani, na Jumatano ya tarehe 28 mpwa akashuka ngazi, wakala sinia moja.