Semesta Niliyoandikwa Mtoro

Januari 2021, binti yangu akiwa na miezi mitano, niliingia kwenye akaunti yangu ya mwanafunzi ili nitoe kontrol namba ya kulipia ada. Haikutoka. Pale ambapo siku zote palisomeka kwamba nimesajiliwa, paliandikwa kuwa nimetoroka masomo. Nilisoma mara tatu. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Neno utoro ninajua uzito wake, na nimewahi kuwafuata wanafunzi mpaka majumbani kwao kwa sababu yake. Nilikaa kitandani nikalia.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili, programu ya jioni na wikiendi, miaka mitatu kuanzia Oktoba 2018. Ninaishi Kigamboni, kwa hiyo kila siku ya chuo nilivuka kwa pantoni, na ukishuka upande wa Magogoni Soko la Samaki la Feri liko hapo hapo. Ndiko nilikopata mada: istilahi za wavuvi, madalali na wachuuzi, yaani namna wanavyoyataja mafungu, ukubwa wa samaki, na samaki aliyeanza kulegea ambaye bado anafaa kukaangwa. Nilikuwa nimeshamaliza kozi za darasani na kutetea pendekezo la utafiti. Data nilianza kukusanya Februari 2020, vyuo vikafungwa Machi kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni, nami nikarudi Feri na ujauzito wa miezi saba. Wale akina mama wa dagaa walikuwa wakinitafutia ndoo ya kukalia kabla sijasema hata shikamoo.

Nilijifungua Agosti. Sheria ya kazi inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Nikazichukua zangu 84 kwa utaratibu wote. Mkuu wa shule alikuwa na barua yangu, halmashauri ilikuwa na barua yangu. Msimamizi wangu chuoni nilimwandikia WhatsApp, akanipongeza, akanitumia na hela ya sabuni. Niliona nimemaliza. Mwaka mpya wa masomo ukaanza nikiwa ndani na mtoto, dirisha la usajili likafunguliwa na kufungwa, sikuwaza kabisa kuwa linanihusu.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda masjala ya chuo. Nilimkuta mzee mmoja ambaye wanafunzi wengi humpita bila kumsalimia, wakikimbilia dirisha la malipo. Nikamweleza yote, nikamalizia kwa kusema kwamba msimamizi wangu anajua.

"Mwanangu," akaniambia, "msimamizi wako anajua, sawa. Faili linajua?"

Akalifungua mbele yangu. Karatasi ya mwisho ilikuwa barua ya kupitishwa kwa pendekezo langu, ya 2019. Baada ya hapo hakuna kitu. Kwa mtu anayelisoma faili lile bila kunifahamu, mimi kweli nilikuwa nimetoweka.

Usiku ule nilifanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza nilipopokelewa: nilisoma kanuni za masomo ya uzamili, kitabu kizima. Kimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, chenye sentensi zinazozunguka, kwa hiyo nilichukua daftari nikaanza kuzifasiri ibara zinazonihusu, moja moja, kwa Kiswahili cha kawaida. Kazi hiyo ilinichukua siku nne, na ndiyo iliyonifungua macho. Mambo manne niliyokuwa nikiyachanganya yalikuwa na majina manne tofauti na matokeo manne tofauti. Kuahirisha masomo ni kusimamisha saa: unaomba kwa sababu inayotambulika, kama ugonjwa, uzazi, au kukwama kwa ada, ukikubaliwa miezi ile haihesabiwi. Kuongezewa muda ni jambo jingine. Saa yako imeshaisha, unaomba nyingine, na chuoni kwetu unailipia. Kujitoa ni kuaga kwa maandishi, na aliyeaga anaweza kuomba kurudi. Kutoroka ni kunyamaza. Wanafunzi wengi huomba kuongezewa muda mwishoni, kwa gharama, wakati miaka miwili nyuma walikuwa na haki ya kuahirisha bila kulipa chochote. Wangapi wameshindwa kumaliza kwa kutojua tofauti ya maneno mawili? Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Tatizo langu lilikuwa kwamba maombi ya kuahirisha huletwa kabla, nami nilikuwa nimechelewa miezi miwili. Lakini ibara ile ile ilikuwa na kipengele kuhusu mazingira ya kipekee, ambacho bodi ya masomo ya uzamili inaweza kukitumia. Nikakishika hicho hicho.

Rasimu ya kwanza ya barua yangu ilikuwa kurasa mbili. Niliandika habari za uchungu wa usiku mzima, za mama mkwe kulazwa, za pantoni kuharibika. Yote yalikuwa kweli. Nilipoisoma asubuhi nikaona mtu wa ofisini atafika aya ya tatu kabla hajajua ninataka nini. Nikaitupa. Iliyokwenda ilikuwa nusu ukurasa: jina, namba ya usajili, programu, kisha sentensi moja ya ombi, kwamba semesta ya kwanza ya 2020/2021 ihesabiwe kuwa nimeahirisha kwa sababu ya uzazi, na niruhusiwe kujisajili semesta ya pili. Nikataja namba ya ibara. Nikakiri kwa sentensi moja kwamba sikuomba kwa wakati, bila kumsingizia mtu. Nikaambatanisha tangazo la kizazi kutoka hospitali, kibali cha likizo cha mwajiri, barua ya msimamizi, na ratiba ya kazi iliyobaki mwezi kwa mwezi.

Ile ratiba sikuiandika kwa kubahatisha. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya uzamili iko ngazi ya 9, chini ya uzamivu ulio ngazi ya 10, nayo inahitaji angalau krediti 180. Krediti moja ni saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa. Tasnifu, yaani andiko refu la utafiti wangu, kwenye programu yangu ilibeba krediti 60, maana yake saa 600. Nilikadiria nimeshafanya nusu. Saa pekee nilizokuwa nazo za uhakika zilikuwa kati ya saa 10 alfajiri na saa 12, mtoto akiwa amenyonya na kulala, siku sita kwa wiki. Saa 12 kwa wiki, wiki 25. Niliziweka wazi hivyo hivyo kwenye ratiba. Baadaye mtu mmoja wa kurugenzi ya masomo ya uzamili aliniambia ni ukurasa ule uliowafanya waamini kwamba nitamaliza.

Barua ilitakiwa kupitia kwa msimamizi, mkuu wa idara, na ndaki, yaani ofisi iliyo juu ya idara kadhaa, ndipo ifike kurugenzi. Niliibeba mwenyewe mlango kwa mlango, nakala mbili kila mahali, moja wanabaki nayo, nyingine wanaigonga muhuri wa kupokea wenye tarehe. Katibu muhtasi mmoja aliniuliza kwa nini simwamini. Nikamwambia, "Dada yangu, nakuamini, ila mali bila daftari hupotea bila habari." Akacheka, akagonga. Ule muhuri ulikuja kunifaa kweli, maana ndaki walidai hawajaiona barua yangu, nami nikatoa nakala yenye tarehe yao. Ilipatikana siku hiyo hiyo.

Jibu lilichukua wiki sita. Walikubali. Nililipa faini ya kuchelewa usajili, nikasajiliwa semesta ya pili, na mwisho wa muda wangu ukasogezwa kutoka Septemba 2021 hadi Machi 2022.

Kuhusu vibali vya kukusanya data, watu wengi hukata tamaa hapo, kwa hiyo naeleza. Mwanafunzi haingii sokoni na kinasa sauti tu. Chuo kilinipa barua ya kibali cha utafiti kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Yeye akaandika kwa Katibu Tawala wa Wilaya ya Ilala. Kutoka huko nikashuka halmashauri, kisha kata ya Kivukoni, kisha uongozi wa soko. Siku kumi na moja za kazi. Hata hivyo, wavuvi waliniuliza kama nimetumwa na watu wa kodi. Barua zile zenye mihuri zilinipa ruhusa ya kusimama pale, lakini hazikumfungua mtu mdomo. Kilichowafungua ni fomu ya ridhaa niliyoisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, nikieleza kwamba jina halitaandikwa na kwamba mtu anaweza kukataa au kuacha katikati. Mzee mmoja dalali alikataa kabisa kurekodiwa. Nilizima, akanifundisha maneno kwa saa nzima, nami nikaandika kwa mkono. Kanuni za maadili ya utafiti wengine huziona kama karatasi za kujazwa. Mimi pale Feri niliona ni adabu ya kawaida, iliyoandikwa tu.

Pakatokea jingine. Sura ya pili na ya tatu nilizikabidhi kwa msimamizi Aprili. Mei ikapita, Juni ikapita. Mwongozo wetu ulimpa msimamizi wiki nne za kurudisha maoni. Katika mila zetu mwanafunzi hamdai mwalimu wake, na mimi mwenyewe ni mwalimu, ninaelewa. Lakini saa ilikuwa inakwenda. Wenzangu walinishauri niombe kubadilishiwa msimamizi, jambo ambalo kanuni zinaruhusu. Sikutaka. Nilitumia fomu ya taarifa ya maendeleo, ile inayojazwa kila miezi sita, ambayo wengi hujaza "naendelea vizuri" na kusaini. Nikaandika tarehe tu: sura ya pili na ya tatu zimewasilishwa tarehe fulani, maoni bado. Hakuna neno la lawama. Kabla ya kuiwasilisha nikampelekea kwanza.

"Shikamoo Daktari. Nimejaza fomu, nikaona uione wewe kwanza."

Aliisoma, akakaa kimya kidogo. "Marahaba. Nilikuwa naumwa, mwalimu. Nilipaswa kukuambia." Sura zote mbili nilizipata baada ya siku tisa, zimejaa wino mwekundu wa msaada mkubwa. Nilifurahi kwamba sikumkimbia.

Kuna taarifa moja ambayo nusura initupe tena nje ya muda: notisi ya kusudio la kuwasilisha tasnifu, inayotakiwa miezi mitatu kabla, ili idara ipate nafasi ya kuteua watahini wa ndani na wa nje. Nilidhani ni ya mtu aliyemaliza. Sivyo. Niliipeleka Septemba nikiwa bado katikati ya sura ya nne, na wakati majina ya watahini yanapita kwenye vikao mimi nilikuwa naandika. Mwenzangu mmoja alisubiri amalize ndipo aandike notisi. Tasnifu yake ilikaa kabatini miezi mitatu, na muda wake ukaisha ikiwa humo.

Upimaji wa ulinganifu wa maandishi, yaani kompyuta kuangalia kama umenakili kazi za wengine, haukunisumbua sana. Kompyuta ilitia alama zaidi kwenye nukuu ndefu za wataalamu katika sura ya pili. Nilizifupisha kwa maneno yangu, nikabakiza vyanzo vyao, basi.

Niliwasilisha Desemba 2021. Ripoti za watahini zilirudi baada ya miezi mitano. Matokeo huwa ya aina kadhaa: kupita ilivyo, kupita kwa marekebisho madogo, kupita kwa marekebisho makubwa, kurudishwa uiandike upya na kuwasilisha tena, au kukataliwa. Yangu ilikuwa marekebisho madogo, na bado orodha ilikuwa ya vipengele 34. Nilitengeneza jedwali: hoja ya mtahini, nilichofanya, ukurasa. Pale nisipokubaliana sikunyamaza. Nilieleza kwa nini, kwa heshima, na hoja mbili nilizotetea zilikubaliwa. Moja ilikuwa ya neno ambalo mtahini aliamini nimelikosea tahajia. Nilikuwa na rekodi tatu za Feri zinazolitamka hivyo hivyo.

Baada ya jalada gumu kutoka kwa watengenezaji, nilikwenda masjala na nakala za mwisho. Mzee yule alikuwa bado yupo. Akachukua barua yangu ya kukabidhi, akaigonga muhuri ile ya kubaki nayo, halafu akaivuta nakala yangu na kuigonga kabla sijaomba.

Mwenzangu wa uzamivu, mama wa watoto watatu, mwakani muda wake unaisha na hajaandika notisi. Jumamosi tunakutana Feri saa 2 asubuhi, mnada ukipungua. Nimemwambia aje na kitabu cha kanuni, na daftari.