Bustani ya uani, Raskazone, Tanga: kivuli kwanza, miche baadaye

Januari

Eneo ni mita 4 kwa 6, nyuma ya nyumba, limezungushiwa ukuta wenye kimo cha mita 2. Bahari haionekani ila upepo wake unafika, na chumvi imeshakula nondo za madirisha. Kabla ya kununua mche wowote nachomeka vijiti ardhini pale kivuli cha ukuta kinapoishia: saa mbili asubuhi, saa sita, saa kumi. Watoto wanadhani natega panya.

Sababu ni hii. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwezi huu jua la adhuhuri limeegea kusini, hivyo ukuta wa kusini ndio unaotia kivuli, tena kifupi. Ikifika Juni jua litakuwa limehamia kaskazini, na ukuta wa kaskazini utamwaga kivuli cha kama mita 1 saa sita mchana. Kwa hiyo ule ukanda ulio chini ya ukuta wa kaskazini, ambao leo unaungua, katikati ya mwaka hautapata jua la maana. Pilipili, bilinganya na nyanya nimezifuta hapo. Zitakaa katikati.

Februari

Udongo. Nimechukua konzi moja iliyokauka, nikaimwagia siki. Ikachemka povu. Ni chokaa tupu: mwamba wa matumbawe chini, vifusi vya fundi juu. Chokaa ikizidi, madini ya chuma yanakuwemo ardhini lakini mizizi haiwezi kuyafyonza. Ndiyo maana mitaa ya huku unaona mindimu yenye majani ya manjano na mishipa ya kijani, na mwenyewe anazidi kuimwagilia maji. Mndimu wangu utaishi kwenye nusu pipa lililotobolewa chini, na udongo mwekundu wa kununua, samadi iliyooza na mchanga kidogo.

Machi

Kitaluni. Mzee mwenye miche nimemwamkia, akaitikia na swali: "Marahaba mwanangu. Wataka wa kula au wa kunusa?"

Vyote, nikamwambia. Mahali padogo kila mmea ulipe kodi: chakula, harufu, au kivuli. Akanionyesha minazi mifupi, mizuri kweli, nikakataa. Nazi juu ya bati la jirani ni kesi. Mwarobaini nao nimeuacha kwa ajili ya mizizi yake na shimo letu la choo.

Nilichochukua: mndimu wa kubebesha, yaani uliounganishwa kwenye shina la mti mwingine, kutoka Muheza. Nimelitafuta lile kovu la kubebeshea na kuhakikisha liko juu ya udongo, kwa sababu chipukizi lolote litakalotoka chini yake ni la mti mwingine na linakatwa. Mipapai mitatu ya shimo moja, maana mche mchanga hausemi kama ni dume au jike. Ikichanua, ule wenye maua yanayoning'inia kwa vikonyo virefu ni dume, unang'olewa. Mchaichai. Mnanaa, ila huo kwenye ndoo, la sivyo utatawala uwanja wote.

Ya kunusa nimemwachia mke wangu, maana yeye ndiye mfunga vikuba, yale mashada madogo ya maua ya kunukia. Kachagua yasmini, mrehani, na mkilua. Mkilua umenifurahisha kuliko vyote. Ni mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, umezoea kukaa chini ya miti mikubwa, kwa hiyo ule ukanda wa kaskazini ulioniumiza kichwa tangu Januari umepata mwenyewe.

Nilitamani pia yale maua madogo ya zambarau ya Usambara, Saintpaulia. Jina hilo linatokana na Walter von Saint Paul, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliyeyapeleka Ulaya mwaka 1892. Sasa yamejaa madirishani London na Berlin, na hapa kwao kuyapata kitaluni ni shida. Kwenda kuyang'oa mwambani, hapana. Porini yamebaki machache.

Aprili

Masika imeingia, tumepanda. Mashimo tumeyajaza mboji, juu tumetandaza makumbi ya nazi.

Juni

Kusi inavuma. Vijiti vya Januari bado vipo, na kivuli cha ukuta wa kaskazini kimefika karibu kabisa na nilipokisia. Mkilua umetoa majani mapya. Mrehani upande wa upepo umeungua ncha, nao uko futi chache tu na ule uliokingwa na pipa, ambao haujaguswa. Nimeuhamisha. Pilipili mbuzi zimevamiwa na vidukari. Nazinyunyizia maji ya sabuni jioni.

Kona ya kusini magharibi bado tupu. Mke wangu anataka mkomamanga, mimi nataka mstafeli, ila mstafeli hauupendi upepo na yeye analijua hilo vizuri kuniliko. Tutapanda vuli.