Kazi za kijijini zinavyogawanywa kwa rangi

Ukisikia watu wanaongelea ubaguzi wa rangi kwenye ajira Marekani utadhani ni mambo ya mjini tu. Mfano unaotajwa sana ni ule utafiti uliotoka 2004, walituma CV zinazofanana kwa waajiri wa Boston na Chicago wakabadilisha majina tu, na yale ya kizungu yakaitwa kwa asilimia 50 zaidi ya yale ya watu weusi. Sawa, lakini pale angalau kulikuwa na tangazo na mtu wa kumtumia CV. Kijijini tangazo liko wapi? Kazi zinaenda kwa kujuana, bosi anampa mtoto wa shemeji yake au jamaa anayesali naye, na kwa kuwa weupe wengi wanasali na weupe wenzao basi hakuna hata aliyekataliwa, hakuna ushahidi, mtu mweusi anakuja kusikia tu nafasi ilishajaa. Hiyo ndo inaniudhi kuliko ubaguzi wa wazi.

Na wa wazi nao upo. 2021 huko Mississippi Delta, eneo la mashamba kwenye jimbo la Mississippi, vibarua 6 weusi walilishtaki shamba walilokuwa wanafanyia kazi. Mwajiri alikuwa analeta wazungu kutoka Afrika Kusini kwa viza za kilimo za H-2A, ambazo kisheria unapewa ukionyesha kwamba wenyeji hawapatikani (wenyeji walikuwa palepale jamani!). Walidai wao wanalipwa dola 7.25 kwa saa, wageni zaidi ya dola 9, tena hao wageni walifundishwa kazi na vibarua weusi haohao. Kesi ikaisha kwa makubaliano 2022.

Utaambiwa sheria si ipo. Ndio ipo, ile ya Haki za Kiraia ya 1964, ila kwenye ajira inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 15, sasa niambie gereji gani ya kijijini ina watu 15? Kuna nyingine ya zamani sana, ya 1866, hiyo haijali idadi, lakini tume ya serikali inayopokea malalamiko ya ajira haiisimamii, kwa hiyo wakili unatafuta mwenyewe, unaenda mahakamani mwenyewe, kumshtaki mtu ambaye mkeo ni mfanyakazi wa binamu yake.